Matabaka Yaliyokandwa

"Kanda," alisema mume.

"Sikandi," alisema mke.

Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, sahani zimesukumwa pembeni ili kompyuta ipate nafasi. Kwenye kioo chake kulikuwa na picha ya ardhi kama mawimbi yanavyoiona: mistari myeusi na myekundu imelaliana kama kurasa za kitabu kilicholowa maji. Katikati, mstari mmoja mwekundu uling'aa kuliko yote. Kwa sababu ya mstari huo, watu hawa wawili walikuwa wamelala wakipeana mgongo wiki nzima.

Kazini mume aliitwa Bwana Kisima, kwa kuwa ndiye aliyechagua mahali pa kuchimba. Mke aliitwa Bi Mawimbi. Yeye alijenga modeli. Aliiambia kompyuta chini kuna mawe gani na yana unene gani, akashusha ndani yake mawimbi ya bandia, kisha akalinganisha mwangwi uliorudi na mwangwi halisi waliouleta mafundi wa malori ya kutetemesha ardhi. Kampuni iliwaajiri kabla hawajaoana na haikupata kuona sababu ya kuwatenganisha.

"Nakuuliza tena," alisema mume. "Mwangwi unafanana au haufanani?"

"Unafanana."

"Na nini?"

"Na matabaka membamba. Mchanga, udongo, mchanga, udongo, mpaka chini. Hakuna tabaka la mchanga linalofika hata mita moja."

"Na ukiyakanda yawe tabaka moja la mchanga la mita ishirini?"

"Unafanana pia."

"Haya basi!"

"Haya basi nini? Swali moja limepata majibu mawili. Hapo huna jibu, una swali lile lile."

Kukanda lilikuwa neno la ofisini kwao. Kompyuta ilichelewa mno ikipewa kila tabaka peke yake, kwa hiyo kwa kazi za haraka walichukua matabaka membamba wakayachanganya yawe moja nene, kama unga na maji. Iliruhusiwa kwa kukadiria. Haikuruhusiwa kwa kuchagua kisima. Aliyeandika sheria hiyo, alipokuwa bado mtu wa kuandika sheria, alikuwa mume mwenyewe.

"Kama ni membamba, mbona mstari unang'aa hivyo?" aliuliza.

"Wajua kwa nini."

"Nataka nisikie kwako."

"Mwangwi wa juu ya tabaka na mwangwi wa chini yake inarudi karibu pamoja, inapandana. Watu wawili wakipiga kelele kwa mkupuo mmoja, aliye nje atadhani ni jitu."

"Humu ndani anayepiga kelele ni mmoja," ilisema sauti kutoka jikoni.

Mama mkwe alitoka akifuta mikono. Alikuwa mjane mnene mwenye miguu mibovu na masikio mazima. Alikuja kuangalia wajukuu kwa likizo moja. Wajukuu walipokwenda shule ya bweni, yeye akabaki. Alianza kukusanya sahani, na ile ya mkwewe akaiacha.

"Mwanangu, hicho kisima kikitoa mafuta, cheo ni cha nani?"

"Changu, Mama."

"Na nyumba ya kampuni, ile yenye bustani?"

"Yetu."

"Sasa mwenzako anakataa nini? Bustani ina nyoka?"

"Mama," alisema mke, "na kisipotoa?"

"Toba! Mtu anamwombea mumewe mabaya mezani pake, mchana kweupe." Akakitazama kioo cha kompyuta kama anavyotazama samaki wa juzi. "Mimi nikigonga chungu kwa ukucha, najua kina ufa au hakina. Sijasomea."

"Na kikiwa kimefukiwa kilomita mbili chini?"

"Nani mwenye akili atafukia chungu kilomita mbili?"

Mume alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu asubuhi, na mama mtu alikipokea kama zawadi. Kisha mume akaifunga kompyuta taratibu, kwa mikono miwili.

"Kama hutaki kukanda, usikande," alisema. "Nani amekulazimisha?"

Mke alidhani ameshinda. Alipaswa kujua kwamba mtu mbishi akikubali upesi, amepata njia nyingine.

*

Chumba cha mikutano kilikuwa na viti vya magurudumu kumi na viwili na kimoja cha plastiki. Bi Mawimbi aliingia wa mwisho, akakuta cha plastiki ndicho kilichobaki. Alikaa. Mkurugenzi, mtu mwembamba aliyependa kuzungusha pete yake kidoleni, alikuwa anakunywa chai. Wengine walisubiri amalize ndipo wao waanze zao.

Bwana Kisima alisimama mbele ya ukuta. Alisema vizuri; siku zote alisema vizuri. Alieleza eneo na barabara, akaeleza mtambo wa kuchimba ulivyokuwa tayari ukingoja. Kisha akaonyesha modeli. Ukutani likatokea bonge moja la mchanga, la rangi ya manjano, mita ishirini na mbili, limejaa mafuta kutoka juu hadi chini. Pembeni mwangwi wa bandia na mwangwi halisi ilifuatana kama mtu na kivuli chake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa aliyejenga modeli. Lilikuwa jina la mke wake.

Wahandisi waligeuka kumtazama kwa heshima, wawili watatu wakatikisa kichwa kumpongeza. Yeye alikuwa anasoma kona ya picha, mahali inapoandikwa idadi ya matabaka. Ilisema: moja.

"Kazi nzuri," alisema Mkurugenzi. "Mwenye modeli ana la kuongeza?"

"Nina la kupunguza," alisema Bi Mawimbi. Alisimama, na kiti cha plastiki kikamfuata kidogo kabla ya kuanguka. "Jina ni langu. Modeli si yangu. Yangu ina matabaka arobaini na saba. Hii imekandwa."

Hakuna aliyeinua kikombe.

"Endelea," alisema Mkurugenzi.

Alieleza kwa dakika moja na nusu, bila kumtazama mumewe. Mstari unang'aa kwa sababu ya wembamba wa matabaka, si kwa sababu ya unene. Mawimbi waliyokusanya ni marefu kuliko matabaka yenyewe, na wimbi refu haliwezi kuhesabu vitu vidogo, kama vile futi isiyo na alama haiwezi kupima ukucha. Kwa modeli yake, mchanga wote ukijumlishwa hautazidi mita tano, na umekatwakatwa na udongo usiopitisha mafuta. Pendekezo lake lilikuwa moja: malori yarudi, yapige mawimbi mafupi zaidi, waangalie upya.

"Na mtambo usubiri?"

"Usubiri."

"Mtambo hausubiri bure, bibi." Mkurugenzi alimgeukia mume. "Bwana Kisima. Hii ni nini?"

Hapo mume angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kutetea kukanda. Kulikuwa na hoja, dhaifu lakini za kitaalamu. Angeweza kusema wanatofautiana. Alimtazama mkewe, akatazama viti kumi na viwili, akachagua.

"Mheshimiwa, niwieni radhi," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu wa nyumbani. "Haya ni mambo ya mimi na yeye. Juzi tulikosana kidogo, ni habari ya mama yangu kukaa pale nyumbani. Hayapaswi kufika hapa. Naomba samahani kwa niaba yetu sote wawili."

Kwanza alicheka mhasibu. Kisha mkuu wa usafiri akasema, "Aa, mawifi na mama wakwe!" na chumba kizima kikapumua. Mtu mmoja aliinua kiti cha plastiki akamsogezea Bi Mawimbi kwa upole, kama anavyosogezewa mgonjwa.

"Mimi nimezungumzia wembamba wa mchanga," alisema yeye.

"Tumekusikia, shemeji," alisema mkuu wa usafiri, ambaye hakuwa shemeji yake.

"Ya nyumbani myamalize nyumbani," alisema Mkurugenzi. "Tunachimba."

*

"Umeniuza," alisema mke jioni hiyo, kabla hajavua viatu.

"Umenivua nguo mbele ya watu, nikajifunika na kilichokuwa karibu."

"Kilichokuwa karibu kilikuwa mimi."

"Sasa ulitaka nijifunike na nani?"

Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, kisu mkononi, anamenya viazi. Alikuwa ameshapigiwa simu. "Mke hufunika," aliviambia viazi. "Hata chungu kina kifuniko. Huyu sijui alitoka dukani bila chake."

"Mama, jina langu limeandikwa kwenye uongo."

"Jina lako ni mke wa mwanangu. Hilo jingine umelipata wapi?"

Kutoka siku hiyo mume aliacha kusema na mkewe moja kwa moja. Alipitia kwa mama yake. "Mama, mwambie huyo bibi gari linaondoka alfajiri, asiyekuwa tayari apande basi." Mama mkwe aliupeleka ujumbe umbali wa meza moja, akiuongezea chumvi njiani. Mke alipanda basi. Kwenye basi alijibana dirishani, akapata muda wa kufikiri, na alichofikiria zaidi ni kama angekuwa amekosea. Alikagua hesabu zake kichwani kutoka mwanzo. Kama kosa lingekuwapo angelipokea. Kosa linasahihishwa, na mtu aliyekosea anarudi mezani kula na wenzake. Hakulipata.

Ofisini hawakumfukuza. Walimhamishia stoo ya miamba, banda la bati nyuma ya karakana, ambako masanduku ya mawe yaliyotolewa visimani yalipangwa kwenye rafu na kupewa namba. Neno lake la siri la kompyuta liliacha kufanya kazi. Kikombe chake cha chai aliletewa na mfagizi, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kijiko ndani.

"Wamesema huku kuna utulivu," alisema mfagizi, macho chini.

"Wamesema kweli."

Mtambo ulichimba. Kila asubuhi kampuni nzima iliuliza kina kimefika wapi, kama watu wanavyouliza hali ya mgonjwa mwenye mali. Bwana Kisima alirudi nyumbani na tope la kuchimbia kwenye viatu na mama yake alivisafisha mwenyewe, hakutaka mkwe aviguse. Siku walipofikia mstari mwekundu, harufu ya gesi ilipanda na tope, na mafundi wakashangilia. Mama mkwe alipika chakula cha watu kumi. Mke alikula sahani moja, akaosha sahani yake, akaenda kulala.

Furaha ile ilikuwa fupi. Walipofungua kisima kijaribiwe, mafuta yalipanda kwa nguvu mchana mmoja, yakapungua jioni, na kesho yake yakawa mchirizi. Waliongeza shinikizo, wakamwaga kemikali, wakabadilisha mrija. Mchirizi ukabaki mchirizi.

*

Mawe ya kisima yaliletwa stoo kwa gari la wazi, kwenye masanduku marefu membamba. Bi Mawimbi aliyapanga sakafuni kwa kufuata kina, akayaosha kwa brashi, akawasha taa. Yalikuwa magogo ya mwamba, unene wa mkono wa mtu, yenye mistari kama kitambaa cha suti: mweupe wa mchanga, mweusi wa udongo, mweupe, mweusi. Mahali pengine mweupe ulikuwa mwembamba kuliko kidole.

Mume aliingia bila kubisha. Alisimama kwanza mlangoni, kisha akatembea polepole kandokando ya masanduku yote hadi mwisho. Aliinama, akapitisha kidole juu ya mistari. Alikuwa mtaalamu, hakuhitaji kuambiwa.

"Mchanga ni mita nne na nusu," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkewe tangu jioni ile ya mkutano.

"Nne na robo. Nimepima."

"Umefurahi."

"Nimepima."

Alikaa juu ya sanduku tupu. Bati lilikuwa linalia kwa joto. "Wabia wa kampuni wanaleta mkaguzi," alisema. "Kamati inakaa wiki hii, na wewe utaitwa. Mtambo umeshaanza kuhamishwa kwenda eneo la pili, juu ya mstari ule ule. Wakiamua kwamba haya yasingeweza kujulikana, tunaendelea, ni bahati mbaya tu. Wakiamua yalijulikana, mtambo unaondoka. Na mimi nyuma yake."

"Eneo la pili litatoa nini?"

"Pengine pale mchanga ni mnene zaidi."

"Modeli inasemaje?"

"Sikuuliza modeli."

"Najua. Hujawahi."

Alipandwa na hasira, akasimama, akakaa tena. Ilionekana ameijia nafasi hii na hotuba, na sasa hakumbuki ilianzaje. "Sikuombi uongo. Sikiliza. Unene wa matabaka haya, kwenye picha ile, ulionekana?"

"Haukuonekana."

"Yeyote angeweza kuuona?"

"Hapana. Mawimbi yalikuwa marefu mno."

"Basi sema hivyo hivyo! Neno moja: haukuonekana. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Ni nusu. Unene haukuonekana, lakini tulijua kwamba hauonekani. Asiyejua kwamba hajui ana udhuru. Wewe ulikuwa unajua."

"Kwani mtu hawezi kusema nusu kwa ajili ya mume wake?"

"Ulikwishanisemea wewe. Ulinisemea mbele ya mhasibu."

Aliondoka. Nje alisikika akimwuliza dereva kwa sauti ya ukali kwa nini gari limeegeshwa juani.

*

Mama mkwe alimfuata mke uani, alikokuwa anaanika nguo. Hakuja na kisu wala viazi. Alishika ukingo wa shuka, akasaidia kulinyoosha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahamie.

"Nimesikia unaitwa."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilifagia ofisi za watu ili yule asome. Hukuwahi kuniuliza, na mimi sikukwambia. Nimefagia vyumba vyenye viti kama hivyo mnavyokalia nyinyi. Nikimaliza napita kinyumenyume, nisiache alama." Alilibana shuka kwenye kamba kwa kibanio. "Sikupendi. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Lakini sijapata kukuomba kitu. Leo nakuomba. Mfunike."

"Nikimfunika watachimba kingine, Mama. Palepale."

"Wachimbe! Ardhi ni ya baba yako?"

"Kitakauka, na safari hiyo hakutakuwa na neno la kusema. Atafukuzwa vilevile, tena na jina bovu zaidi."

"Hiyo ni kesho. Mimi nakuomba leo." Alisubiri. Mkwewe aliokota shati la mumewe, akalikung'uta, akalitundika kwa mabega ili lisikunjike. "Haya. Nyumba ikianguka, ukweli wako utaulaza wapi?"

Mke aliinama akachukua nguo nyingine ya kuanika.

*

Mkaguzi wa wabia alikuwa mwanamke mzee mwenye mafua. Alikuwa na leso tatu mbele yake na hakuonyesha kumjali yeyote. Mkurugenzi ndiye aliyeuliza maswali, na aliyauliza kama mtu anayefunga madirisha kabla ya mvua.

"Wewe ndiye unayejenga modeli."

"Nilikuwa. Sasa niko stoo."

"Jibu swali tu. Kwenye picha ya mawimbi tuliyokuwa nayo, unene wa tabaka moja moja ulionekana? Ndiyo au hapana."

"Hapana."

"Kuna chombo chochote, kati ya vile tulivyokuwa navyo, ambacho kingeuonyesha?"

"Hapana."

"Asante. Unaweza kwenda."

Katibu aliandika. Bwana Kisima, upande wa pili wa meza, alishusha mabega. Alikuwa hajalala, shati lake lilikuwa limepigwa pasi na mama yake, kali kama karatasi. Mlango ulikuwa nyuma ya mke, hatua chache. Angepita pale akiwa hajasema uongo hata kidogo, na jioni hiyo kungekuwa na chakula mezani, na pengine mtu angemwuliza chumvi imetosha.

"Sijamaliza," alisema.

"Umejibu."

"Nimejibu ulichouliza. Hukuuliza kama tulijua kwamba hatuoni."

Mkurugenzi alizungusha pete. "Bibi, tusicheze na maneno."

"Aseme," alisema mkaguzi kupitia leso.

Alisema. Hakupandisha sauti. Kwamba modeli ya matabaka membamba na modeli ya bonge moja zilitoa mwangwi ule ule, na zote mbili zilikuwapo kabla ya kuchimba. Kwamba iliyoonyeshwa ni moja. Kwamba aliyeona zote mbili hakuwa na haki ya kusema amejua unene. Alichojua ni kwamba haujulikani, na dawa yake ilikuwa kurudisha malori, si kuleta mtambo. Kwamba eneo la pili liko juu ya mstari ule ule, lina mng'ao ule ule, na yeye haoni sababu ya kutegemea matokeo mengine. Alipomaliza alibaki amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae.

Mkaguzi alipenga kamasi. "Nani aliyakanda matabaka?"

Mkurugenzi alitazama dirishani. Bwana Kisima alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu mgogoro uanze alimtazama kama anavyotazama hesabu: akitafuta mahali palipolegea. Hakupaona.

"Mimi," alisema. Kisha, kwa sauti ile ile, "Nilimwonyesha Mkurugenzi zote mbili. Akachagua ile nzuri."

Pete ya Mkurugenzi ilisimama.

*

Mtambo uliondoka umefunguliwa vipande vipande, juu ya malori, ukaacha uwanja wa kokoto na bomba moja lililozibwa. Mkurugenzi alihamishwa kwa maslahi ya kampuni. Bwana Kisima aliambiwa asirudi, na askari wa getini, aliyekuwa akimpigia saluti, alimwomba kitambulisho kwa kukinga mkono kama anayeomba nauli.

Bi Mawimbi alirudishiwa neno lake la siri. Juma lililofuata alipewa meza ya mumewe, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyelijua lile eneo. Hakuna aliyempongeza. Mhasibu alimpisha mlangoni kwa namna ya mtu anayempisha mbwa asiyemfahamu.

Vitu vya mume alivileta yeye nyumbani, kwenye boksi la karatasi za mashine. Mama mkwe alifungua mlango, akaona boksi, akajua.

"Ni wewe unayeleta," alisema.

"Wamemkataza kuingia."

"Na wewe hawakukukataza." Alimpisha, kidogo tu, apite kwa ubavu.

Mume alikuwa amekaa sebuleni, hajanyoa ndevu. Alivuta boksi akatoa kimoja kimoja, akiweka mezani: viatu vya kazini, kofia ngumu, picha ya watoto, kikombe, rula ya chuma. Alipofika chini alipapasa pembe zote nne.

"Kalamu zangu za rangi?"

"Ziko ofisini."

"Kesho zilete."

"Siwezi. Ramani ni ile ile, nazitumia."

"Umekaa pale?"

"Ndiyo."

"Kwenye kiti kile kile?"

"Ndiyo."

"Hata kalamu!" alisema mama mkwe. "Mtu amevuliwa cheo, amevuliwa jina, na mkewe anamvua kalamu!"

"Mama, ngoja." Mume alikuwa ameishika ile rula ya chuma, anaikunja kidogo na kuiachia. Uso wake ukawa mgumu, uso wa kazini. "Malori yamerudi?"

"Yanaanza mwezi ujao. Mawimbi mafupi."

"Waambie wapunguze nafasi kati ya vipokezi. La sivyo utapata kelele tupu."

"Nimeshawaambia."

"Na ile kalamu ya bluu usiichonge kwa mashine. Moyo wake umelegea, unakatika."

"Umeshakatika," alisema mke. Akachukua sahani safi, akajipakulia, akaenda kula jikoni akiwa amesimama.